Mama Karatasi na Malezi ya Kidoti

Asubuhi hiyo fundi cherehani hakushona. Alikuwa akishindilia nguo za Kidoti kwenye begi.

Kidoti alikuwa na miaka minane. Mama yake mzazi alifariki kabla hajaanza kutambaa. Tangu hapo alilelewa na mama yake mdogo, huyu fundi. Baba yake, dereva wa lori, alionekana kwa nadra. Jana alikuja na neno moja tu: "Jumapili namchukua mwanangu."

Jirani yao, muuguzi, akachungulia mlangoni. "Mnasafiri?"

"Nampeleka mbali. Baba yake akija asimkute."

"Dada, hapo utaharibu kila kitu. Vaa viatu, twende kwa Mama Karatasi."

Ndivyo watu walivyomwita wakili yule. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Majalada yalijaa hadi dirishani. Alimsikiliza fundi bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Una karatasi gani?"

"Karatasi ya nini? Mimi nina mtoto!"

Wakili akacheka. "Zamani nilikuwa mpiga chapa mahakamani. Miaka tisa nilichapa hukumu. Niliona watu wenye haki wakirudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyewaambia walete nini. Iliniuma. Nikasomea sheria jioni, nikitoka kazini. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nashughulikia kesi za familia tu."

"Basi nishindie!"

"Taratibu, mwanangu. Mahakama haitafuti mshindi. Inauliza mtoto atakuwa salama wapi, na akiumwa nani anamuuguza. Ukimficha, wewe ndiye utaonekana hatari. Niletee kadi ya kliniki, ripoti za shule na cheti cha kifo cha dada yako. Tutaomba uwe mlezi wake kisheria. Lakini kwanza nitamwita baba yake tuzungumze. Aje na wakili wake akipenda."

Fundi akanuna. "Huyo? Hata darasa la mtoto halijui!"

"Atalijua," alisema wakili.

Kabla ya Jumapili kufika, dereva alikuja ofisini peke yake, kifua mbele, akamkuta fundi ameshaketi. "Mtoto ni damu yangu!"

"Hakuna anayekukatalia." Wakili akamsogezea kadi ya kliniki. "Hebu soma hapa."

Dereva akasoma. Kidoti alikuwa amelazwa mara tatu kwa pumu. Akaiweka kadi mezani. "Mbona hamkuniambia?"

Fundi akainama. "Hukuja hata kumzika dada. Nikakufuta moyoni."

"Niliona aibu," alisema dereva. "Kila mwaka aibu ikazidi."

Vilipita vikao vitatu. Wakili hakupaza sauti hata mara moja, ila aliwagombeza wote wawili kwa zamu. Mwishowe walikubaliana, wakaenda mahakamani. Hakimu alizungumza na Kidoti faraghani. Kisha akatoa amri: fundi awe mlezi wa kisheria, na baba awe na mwanawe kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza fundi alishinda mlangoni. Jioni Kidoti akaja mbio. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upogo, msuko mmoja huku, mwingine kule.

"Mama, baba kanisuka mwenyewe!"

Vidole vya fundi vilimwasha kufumua. Hakufumua. Jumatatu Kidoti alikwenda shule hivyo hivyo, kichwa juu.