Vikombe Viwili na Nusu vya Unga

"Mukonyo, keki imezama katikati."

Aliyepiga simu ni Kakenya, dada wa bibi harusi, kutoka Kajiado. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Nimeifunika na maua. Usijisumbue kuja."

Mukonyo alikaa kwenye kiti cha jikoni, pale kwake Kitengela. Hiyo ilikuwa keki ya nne kuharibika tangu mwaka huo wa 2004 uanze, na ndiyo ya kwanza ya harusi. Mume wake, Maundu, alimkumbatia, akamfuta machozi na kiganja.

"Si kila mtu ana mkono wa keki, mpenzi. Achana nayo tu. Mimi nitatulisha."

Kitabu chake cha mapishi kilikuwa cha gramu, na Mukonyo hakuwa na mizani. Alikuwa na kikombe tu. Maundu alikuwa mpima unga katika kiwanda cha mkate, na ndiye alimgeuzia gramu kuwa vikombe: kikombe kimoja ni gramu mia mbili, iwe sukari, iwe unga. Kwa hivyo unga gramu mia tano ni vikombe viwili na nusu. Mukonyo hakuwahi kumuuliza mara ya pili.

Jumatatu alibeba kikombe chake mpaka dukani kwa Gichuru.

"Nipimie sukari."

"Mia mbili," Gichuru alisema.

"Sasa unga. Kikombe hicho hicho."

"Mia moja ishirini na tano. Unga ni mwepesi, mama. Lakini si bwana yako anajua hii maneno? Mwezi wa kwanza alikuja hapa na kikombe kama hiki. Tukapima kila kitu, hata siagi. Nikamwandikia kwa karatasi."

Mukonyo alishika kaunta.

"Unga gramu mia tano mliandika vikombe ngapi?"

"Vinne."

Jioni Maundu aliporudi kazini, alimkuta mkewe amekaa kitandani na begi limefungwa.

"Unaenda wapi?"

"Gichuru amenipimia."

Maundu alivua kofia, akaivaa tena.

"Mukonyo, nisikize."

"Ulijua ni vinne?"

Maundu aliinama kufungua viatu.

"Maundu, ulijua?"

"Nilijua."

"Na Jumamosi, nikilia, ukanifuta machozi."

"Nilikuwa nakuhurumia kweli."

"Hapo ndipo umenimaliza," Mukonyo alisema. "Heri ungecheka."

Alienda Isinya kwa dada yake, Mbeke. Simu ilikuwa ikiingiza ujumbe wa Maundu kila siku. *Nisamehe mama. Nyumba imekuwa baridi.* Siku nyingine: *Nitakununulia mizani.* Hakujibu hata mmoja. Alioka keki kwa jiko la Mbeke, vikombe vinne vya unga, ikafura vizuri mpaka juu. Mbeke alipiga makofi. Mukonyo alitoka nje, akalia nyuma ya banda la kuku.

Jumapili ya tatu Maundu alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, hakukaribishwa.

"Niliogopa," alisema. "Ulianza kuongea na watu wa mahoteli, watu wa harusi. Nikaona siku moja utaniangalia uone mimi si kitu."

"Kwa hivyo mimi ndiye nisiwe kitu."

"Sikufikiria hivyo."

"Keki nne, Maundu. Kila mara ulikuwa na nafasi ya kusema. Ile ya harusi ulinisaidia kuipakua kwa sufuria."



"Nakupenda, Mukonyo. Haki ya Mungu."

"Najua."

"Basi turudi nyumbani."

"Nikipika chai kwako, nitakuwa najiuliza umeniambia nini kingine cha uongo. Siwezi kuishi hivyo. Nenda, usichelewe gari."

Maundu akashika njia ya barabarani. Mukonyo hakumsindikiza.

Ndani, Mbeke alikuwa anachagua mchele.

"Amesema nini?"

"Amesema ananipenda."

"Na wewe?"

"Bado nampenda."

Akaufunga mlango, akasukuma komeo.