Mstari wa Kumi na Mbili

Foleni ya mshahara mwisho wa mwezi mjini Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, haina adabu. Watu hukanyagana kutoka mlango wa benki hadi barabarani, na kila mmoja ameshazila pesa kichwani kabla hajazishika. Siku hiyo Grégoire, karani wa bandarini, alikuwa akipanga matumizi yake nyuma ya bahasha.

"Papa, utanisamehe," sauti ilisema nyuma yake. "Jumla yako inadanganya. Umehesabu makaa mara mbili."

Aligeuka. Mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani, miwani imemshukia puani, alikuwa akitabasamu bila haya.

"Mama, unasomaka bahasha za watu?"

"Masaa mawili niko nyuma yako. Kulikuwa nini ingine ya kusoma?"

Huyo ndiye Noëlla, mwalimu wa kompyuta katika sekondari ya wasichana. Walipofika dirishani, Grégoire alikuwa amecheka mara mbili, na kicheko alikuwa amekisahau tangu Émérence, mke wake, azame ziwani mwaka mmoja na nusu nyuma.

Jumamosi iliyofuata Noëlla alimfundisha Excel mbele ya soda mbili. Mshahara juu kabisa. Chini yake kila matumizi na mstari wake: kodi, unga, makaa, sabuni. Halafu jumla, na mwisho kinachobaki.

"Badilisha bei ya unga, halafu uangalie huku chini."

Alibadilisha. Namba ya chini ikageuka yenyewe.

"Aa! Hii kitu inafikiri!"

"Hapana, chéri, inatii tu. Weye njo unafikiri."

Hilo chéri, mpenzi kwa Kifaransa, lilimponyoka. Wote wawili wakainamia kioo cha kompyuta kama wanafunzi waliokamatwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemficha mwenzake kwamba anampenda.

Baada ya miezi sita waliamua kuoana na kuunganisha bajeti zao. Grégoire akamtumia faili lake. Noëlla alilifungulia darasani, wanafunzi wametoka, na jicho la mwalimu likagutuka: baada ya mstari wa kumi na moja ulikuja wa kumi na tatu. Mstari mmoja ulikuwa umefichwa. Akaufichua.

Émérence, unité za simu, dola tano. Kila mwezi, bila kukosa hata mmoja. Pembeni, namba ya simu.

Alisoma mara tatu. Marehemu anatumiwa salio la simu la nini? Akapiga namba hiyo akitegemea kuikuta imefungwa. Ikaita. Iliita mpaka ikakatika, na nywele za shingo zikamsimama. Kesho yake ikaita tena. Siku ya tatu, saa sita mchana kweupe, alikuta namba inatumika.

Marehemu alikuwa na mtu kwenye simu. Akakaa kwenye dawati la wanafunzi. Woga ulipopungua, hasira ikapanda. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akampigia Grégoire.

"Bibi yako alikufa ao hakukufa?"

"Noëlla, mupenzi..."

"Usiniite mupenzi! Unamutumia unité, simu yake inalia, leo iko occupée. Kama unaficha muntu mu bajeti, mu nyumba unaficha nini?"

Grégoire alitoka nje ya ofisi.

"Kuja kwangu Jumamosi, saa tisa. Kisha, kama unataka kuenda, sitakuzuia."

Alikwenda bila hereni wala rangi ya midomo. Mtu hajipambi kwenda kuvunja uchumba.

Grégoire alimwingiza chumbani. Alifungua kabati. Nguo za mwanamke zilikuwa zimekunjwa vizuri, na juu yake simu ndogo nyekundu ya vibonyezo, imechomekwa kwenye chaja. Noëlla alirudi nyuma hatua moja.

"Aliisahau siku ile," Grégoire alisema. "Alikuwa anaenda Kigoma kununua vitenge. Kulikuwa mashua mbili. Ya pili ilijaa kupita kiasi, lakini bei ilikuwa dola kumi chini. Mi njo nilimwambia apande ile. Maji hayakumurudisha, hata mwili."

"Na unité?"

"Namba isipowekwa kitu, wanaifunga. Mama yake, kule Nyunzu, anaipigaka; siku uliikuta occupée, alikuwa yeye. Naiacha ilie. Ikifungwa, atajua mutoto amekufa. Na mara ingine ikilia, Noëlla... nangoja Émérence atoke jikoni aijibu."

Hapo hapo simu ikalia. Kwenye kioo kidogo liliandikwa neno moja: Mama.

Noëlla hakuwa tena na wivu. Alikuwa na hofu, akaisema.

"Muntu mwenye kuwa hai ningepigana naye. Na kivuli siwezi. Jibu, Grégoire, ao mi narudi kwetu."

Grégoire aliichomoa simu kwenye chaja, kidole juu ya kibonyezo. Akabonyeza.

"Mama."

Upande wa pili walisikika kuku tu.

"Njo weye, Grégoire?"

"Njo miye. Mama, Émérence hatarudi. Mi njo nilimupandisha mu ile mashua. Sababu ya dola kumi."

"Najua, mwanangu. Habari ya ile mashua ilifika mpaka huku. Asubuhi ile alinipigia, mbele ya kutoka nyumbani, akaniambia ya zile dola kumi. Alikuwa anakucheka, anasema, bwana yangu anahesabu hata chumvi."

"Sasa... kwa nini unapigaka?"

"Mufu hajibu simu. Ni weye nilikuwa naita. Namba yako ulibadilisha, nilibaki na hii tu." Mama alivuta pumzi. "Kwetu, muntu akichukuliwa na maji, tunazika shina la mugomba mahali pake, na bwana yake njo anapashwa kulikata. Miaka mbili nangoja mukono wako. Mutoto wangu hapumuziki, na weye haupumuziki."

Grégoire aliangua kilio, kilio kilichochelewa miaka miwili. Simu ikamtoka mkononi, na Noëlla akaiokota.

"Nani anapumua hapo?" Mama aliuliza.

"Noëlla, Mama."

Kule Nyunzu kiti kilisogezwa, kama mtu anayekaa chini.

"Unamupenda?"

"Ndiyo, Mama. Sana."

"Basi, kuja naye," Mama alisema, na sasa na yeye alikuwa akilia. "Lile shina ni zito. Muntu mumoja hawezi kulibeba."