Mkate Uliokataa Kuumuka

Anyesi, mkazi wa Mkonze, huoka mikate kila Jumatano. Ana tanuri la udongo nyuma ya nyumba, na mikono yake imezoea kukanda. Jirani zake wanaipenda mikate yake kwa sababu ni laini.

Jumatano moja mikate haikuumuka. Ilitoka mifupi, mizito, yenye nyufa. Anyesi akamrushia kuku kipande. Kuku akakidonoa mara moja, akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Hamira imekufa," akasema Anyesi.

Mume wake, Zablon, ni mkulima wa mtama. Aliitazama mikate, kisha akatazama juu. "Labda ni baridi," akasema.

"Baridi gani, Baba Loisi? Natokwa jasho!"

Anyesi aliingiwa na hofu. Jumamosi wakwe wangekuja kutoka Kongwa kupanga tarehe ya harusi ya binti yao, Loisi. Mkate kama huu ungemvunja jino Mzee Gideoni, baba wa bwana harusi.

Kesho yake alifunga mkate mmoja na unga kidogo, akaenda mjini kwenye duka la Bi Nargis. Huko ndiko anakonunua unga na hamira. Zablon akasisitiza kumsindikiza, ingawa siku zote hapendi kwenda mjini.

Anyesi aliuweka mkate juu ya meza. Ukalia ko!

"Shikamoo, Bi Nargis. Hamira yako imeniaibisha."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja tuipime."

Bi Nargis alitia hamira na sukari kwenye maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika kumi, povu lilijaa kikombe.

"Hamira ni nzima," akasema. "Nipe huo unga wako."

Alikanda madonge mawili madogo. Moja lilikuwa la unga wa dukani, jingine la unga wa Anyesi. Akayaacha yatulie kidogo. Kisha akaleta beseni mbili za maji.

"Mama Loisi, osha hili la dukani. Baba Loisi, wewe osha la nyumbani. Minyeni polepole."

Maji ya Anyesi yakawa meupe. Mkononi mwake kikabaki kitu kinachovutika kama ulimbo. Donge la Zablon lilizidi kumeguka. Mwishowe kilibaki kipande kidogo kama njegere.

"Limekwenda wapi?" akauliza Zablon.

"Limekwenda na maji," akajibu Bi Nargis. "Unga huu umechanganywa. Naona chembe za mtama."

Anyesi akageuka taratibu. Zablon akakohoa.

"Niliongeza unga wa mtama wangu," akasema. "Nusu kwa nusu. Nilimwambia Mzee Gideoni kwa simu kwamba atakula mkate wa shamba langu."

"Na mimi tangu jana nailaumu hamira!"

Bi Nargis alicheka mpaka akakaa. Kisha akaeleza.

"Ngano ya mkate ni mtoto wa aina tatu za nyasi za porini. Zamani sana, huko Asia, nyasi mbili zilichavushana, ikatokea ngano ya kale. Wakulima wakaipanda. Baadaye ikachavushana na nyasi ya tatu, gugu la pembeni mwa mashamba. Gugu hilo liliongeza sana nguvu ya huu ulimbo ulio mkononi mwa Mama Loisi. Ulimbo hunasa hewa ya hamira, na mkate unapanda."

"Gugu?" Zablon akashangaa. "Mimi magugu nayang'oa!"

"Urithi huo umo ndani ya mbegu. Unabebwa na vinasaba. Ni kama Loisi alivyorithi pua yako."

"Masikini mwanangu," akasema Anyesi.

"Hata ngano hazirithi sawa," Bi Nargis akaendelea. "Yenye ulimbo wenye nguvu hufaa mikate. Yenye ulimbo dhaifu hufaa biskuti."

"Na mtama wangu?" akauliza Zablon kwa unyonge.

"Mtama ni wa ukoo mwingine, wa hapa hapa Afrika. Unavumilia ukame na ni chakula kizuri. Hauna ulimbo tu. Usiuache. Chukua vikombe vinne vya unga wa ngano wa mikate, na kimoja cha mtama uliosagwa laini na kuchekechwa. Ongeza maji kidogo."

Ijumaa Anyesi alijaribu. Mikate ikapanda mpaka ikapita ukingo wa makopo ya kuokea.

Jumamosi Mzee Gideoni alikula vipande vitatu. "Huu ndio mkate wa shamba lako?" akauliza.

Anyesi akamtazama mumewe.

"Sehemu moja kati ya tano," akasema Zablon. "Zilizobaki ni ngano."

"Afadhali!" akasema Mzee Gideoni. "Nilidhani wote ni mtama, nikala ugali kabisa kabla ya kutoka nyumbani." Akanyoosha mkono kuchukua kipande cha nne.

Harusi ikapangwa baada ya mavuno. Tangu siku hiyo, mtama unaingia kwenye mikate ya Anyesi mchana kweupe, kikombe kimoja kwa vinne. Na anayeshika kikombe ni Anyesi mwenyewe.