Kadi Iliyonukia Ubani

Kadi ilinukia ubani. Mehnaz aliisogeza puani tena, palepale kwenye duka la vifaa vya kompyuta vya mtumba huko Saddar, Karachi, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Danyal, hebu nusa."

"Vumbi hilo, dada. Tazama feni, haina hata mkwaruzo."

Walikuwa wamechagua asubuhi nzima. Prosesa ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi, ya zamani kidogo lakini ingali na nguvu. Madabodi, ubao mkuu wa mashine, waliigeuzageuza wakitafuta palipovimba. Pawa saplai, kisanduku cha umeme, walichukua mpya. "Ya mtumba ikilipuka inakufa na wenzake," alisema Danyal. Ilibaki kadi ya picha, na hii ilikuwa nusu ya bei ya nyingine. Mehnaz alikuwa mjane, mkate wake ukitoka kwenye filamu za harusi alizohariri nyumbani, na mashine yake ilikuwa imekufa wateja wakimngoja.

"Ilikuwa kwa nani?" alimwuliza muuzaji.

"Kwa watu, dada yangu. Ila ikitoka hapa, hairudi."

Mashine mpya ilifanya kazi vizuri mno. Ndipo, katika filamu ya kwanza aliyohariri, Mehnaz alipomwona mwanamke: shali ya kijivu, nyuma kabisa ya wageni, ameipa kamera mgongo. Katika filamu ya pili, ya ukoo mwingine na mtaa mwingine, mgongo ni uleule, safari hii katikati ya ukumbi. Katika ya tatu alisimama nyuma ya kiti cha bibi harusi.

Alasiri hiyo umeme ukakatika, kama ilivyo ada. Panka la dari likasimama, friji ikanyamaza, lakini ndani ya kompyuta feni ya kadi iliendelea kuzunguka, taratibu, kama mtu anayepumua usingizini, na harufu ya ubani ikapanda ikajaa chumba, na kwenye kioo cheusi, mahali Mehnaz alipopaswa kujiona peke yake, akaona bega lake na, nyuma ya bega lake, shali ya kijivu ikianza kugeuka.

Danyal alimkuta uani, hana viatu.

Walimwita Maulvi Qudrat, shehe wa mtaani. Alisoma dua mpaka sauti ikamkwama, akaifunga kadi kitambaani.

"Aliyeifukiza kabla yenu alishindwa kumtoa, ndipo akaiuza," alinong'ona.

"Mwanamke huyo anataka nini?" aliuliza Mehnaz.

"Kuingia nyumba za watu. Na kwenye harusi, nani humwuliza mgeni kaja na nani?"

Maulvi akaenda kuitupa kadi baharini mwenyewe.

Danyal alipata kadi nyingine kwa rafiki yake. Mehnaz alizipitia filamu zote upya. Mwanamke hakuwemo katika hata moja. Alilala, alikula, alirudi kucheka. Akaipeleka ile ya tatu kwa wenyewe, akanywa chai, akaaga.

Hajavua shungi simu ikalia. Alikuwa mama wa bibi harusi, anaongea kwa sauti ya mtu aliyejificha.

"Mwanangu, filamu ni nzuri. Lakini njoo umchukue mwenzako."

"Mwenzangu yupi, mama? Nilikuja peke yangu."



"Wa shali ya kijivu. Aliingia nyuma yako. Tangu uondoke ameketi kitandani kwa binti yangu Areeba, anatazama ukuta. Chai hagusi. Na Areeba namwita haitiki. Ameketi karibu naye. Naye anatazama ukuta."