Sifa za Mume Wangu Zilivyomkata Mguu Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na moja, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi Singida mjini, upande wa ziwa Singidani. Nimeachana na mume wangu. Wapo wanaonihurumia kwa hilo. Huwa nawaambia huruma hiyo waipeleke kwa mdogo wangu Isaya, maana mimi nilichopoteza ni mwanaume tu.

Jina lake silitaji. Nitamwita Baba Neema, kwa kuwa Neema ndiye binti yetu wa kwanza.

Mimi ni Mnyiramba wa Ulemo. Marehemu baba alikuwa na boti ya uvuvi yenye injini kule ziwa Kitangiri, kwa hiyo mimi na Isaya tulikua na harufu ya petroli na samaki. Isaya alipokuwa mkubwa akaenda Mwanza, akajifunza kuendesha boti na kutengeneza injini zake. Aliporudi, tukaamua sisi watatu kuanzisha kazi ya kutembeza watu ziwa Singidani siku za sikukuu na za harusi. Mimi niliuza ng'ombe wangu wa urithi. Baba Neema alitoa mavuno yake ya alizeti ya Sepuka. Isaya alileta ufundi wake. Tukanunua boti iliyotumika, ndefu, nyembamba, yenye injini kubwa nyuma. Ilikuwa na mbio ambazo watu wa hapa walikuwa hawajaziona majini.

Tulikubaliana jambo moja tangu mwanzo... mwendeshaji ni Isaya peke yake. Baba Neema hakuwa amesomea. Hata kuogelea hajui.

Lakini sifa je? Hizo alikuwa nazo za kumtosha yeye na ukoo wake wote. Alijinunulia kofia nyeupe na miwani myeusi. Watu walipoanza kumwita Kapteni, akaitika. Alisimama ufukweni mikono kiunoni, akawa anawaelekeza wateja mahali pa kukaa kana kwamba yeye ndiye aliyeiunda boti ile. Isaya alikuwa akitabasamu tu. Mimi nilikuwa nikiona aibu.

Kisha shangazi yetu akafariki. Mimi na Isaya tukaenda Ulemo kuzika. Baba Neema akasema ana homa, abaki nyumbani.

Tuliporudi tukakuta boti iko juu ya tela lake, imefunikwa vizuri na imeoshwa ikang'aa. Nilishangaa. Mwanaume yule hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea chai, leo ameosha boti nzima akiwa na homa? Nilimuuliza. Akajibu kwamba mtu mwenye akili hutunza mali yake.

Kuanzia hapo mambo yakaanza kuharibika.

Isaya alipoingia ziwani, boti ikitembea moja kwa moja ilikuwa shwari. Lakini akikata kona kwa kasi, injini ilipiga yowe kama inataka kupasuka, huku boti yenyewe ikilegea na kulala majini. Halafu ghafla inashika tena na kuruka mbele kwa kishindo. Isaya alirudi ufukweni uso umembadilika.

"Dada, propela inavuta hewa," aliniambia. "Inazunguka kwenye mapovu, haishiki maji. Ikija kushika ghafla namna ile na kuna mtu amesimama, itamrusha nje."

Baba Neema akacheka. Akasema tatizo si propela, tatizo ni dereva aliyezoea mitumbwi.

Isaya hakubishana naye. Alianza kutafuta ugonjwa wa chombo taratibu, jambo moja baada ya jingine. Kwanza alitaka kujua kama ule mpira ulio ndani ya propela umechoka na unateleza. Akaniomba rangi yangu ya kucha, akachora mstari mmoja kuanzia kwenye propela hadi kwenye kishikio chake cha kati. Akaenda kuikimbiza boti, injini ikapiga yowe kama kawaida. Aliporudi, mstari ulikuwa bado umenyooka. Basi mpira ulikuwa mzima. Akabadilisha propela, akafunga ile ya akiba. Hali ikawa vilevile. Akaiinamisha injini ndani zaidi. Afadhali kidogo, lakini kwenye kona ugonjwa uko palepale. Akalala chini ya tela akapapasa tumbo la boti, asije akawa kuna kipande cha nyavu au ubao uliobanduka unaovuruga maji kabla hayajafika kwenye propela. Hakuna.

Kila alipoinuka akiwa na matope mgongoni, Baba Neema alikuwa amekaa kwenye kiti chake na miwani yake, akimuuliza, "Vipi fundi, umemkamata mchawi?"

Mwisho Isaya akasema kimebaki kitu kimoja. Juu ya propela kuna ubapa wa chuma uliolala, mafundi wanauita pleti. Kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isivutwe chini. Kwa macho ulionekana mzima, umepakwa rangi safi. Lakini Isaya alitaka kuishusha injini yote, akaukwangue, aukague kwa mikono yake.

Hapo ndipo Baba Neema alipoacha kucheka. Akafoka. Akasema hakuna kushusha injini, Pasaka imefika, wateja wanakuja, na kwamba Isaya anatafuta visingizio kwa sababu ni mwoga. Mimi nilisimama na mdogo wangu. Nilimwambia mume wangu boti isitoke. Akaniambia wanawake wakae na mambo yao.

Siku ya Jumatatu ya Pasaka ufukwe ulijaa watu. Isaya alikataa kubeba abiria. Alisema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba chombo ni kibovu.

Baba Neema akavua miwani. Akasema, "Shemeji kama unaogopa maji, kaa hapo ukaange samaki. Nitaendesha mwenyewe."

Watu wakacheka. Na yeye, kwa kuwa alikuwa amechekewa, akaona ameshashinda. Akawapandisha mama mmoja na watoto wake. Isaya aliwatazama wale watoto... kisha akaingia majini mpaka magotini, akawafunga maboya vifuani, akalivaa na la kwake, akapanda nao. Najua kwa nini alipanda. Mtu mwenye moyo hawezi kuwaacha watoto wa watu mikononi mwa kofia nyeupe.

Nilikuwa nimesimama ufukweni. Niliona kila kitu.

Walikwenda vizuri. Wakati wa kurudi, Baba Neema alipokaribia yale mawe makubwa ambako watu walikuwa wamekaa wakipiga picha, akakata kona kwa kasi ili aonekane. Yowe la injini likaanza. Boti ikalegea, ikaanza kuyaendea mawe kwa ubavu. Mwenye akili hapo hupunguza mafuta mara moja, propela iache mapovu na kushika maji polepole. Yeye aliongeza. Isaya akainuka na kukinyooshea mkono kishikio cha mafuta, akimwambia apunguze. Wakati huohuo propela ikashika. Boti ikaruka kama ng'ombe aliyechomwa moto, na mdogo wangu akatupwa nje, propela ikampitia mguuni...

Maji yalibadilika rangi. Sitasema zaidi.

Boya ndilo lililomwokoa asizame. Abiria wote walitoka salama. Lakini hospitali walisema mguu wa kulia hauwezi kuponywa, wakaukata chini ya goti.

Je, mnadhani Baba Neema alilia? Aliomba msamaha? Wasomaji, mwanaume yule aliketi kwenye benchi la hospitali, kofia magotini, akawaeleza wajomba zangu kwamba Isaya alikuwa amelewa, ndiyo maana alisimama ovyo. Isaya, ambaye hajagusa pombe tangu abatizwe! Maneno yale yakatembea mjini. Watu waliokuja kumwona mgonjwa wakawa wanamtazama kwa jicho la pembeni. Naye hakujitetea. Aligeuza uso ukutani.

Kilichonifungua macho ni haraka ya mume wangu. Isaya hajatoka hata wodini, yeye ameshapata mtu wa Mwanza wa kununua injini. Boti abaki nayo, injini iuzwe. Nilijiuliza, kwa nini injini tu?

Nilikwenda kwenye boti mchana, yeye akiwa barazani anasimulia uongo wake. Nikainama nyuma. Ile pleti ilikuwa imekatika kona nzima. Kwenye mstari wa mkatiko, chini ya rangi, kulikuwa na utando wa kijivu. Nikakwangua kwa kisu cha jikoni. Ilikuwa gundi ya chuma, na pembeni yake alama za msasa. Ajali haina gundi. Ajali haipigi msasa wala haipaki rangi. Kipande kile kilikuwa kimevunjika zamani, mtu akakibandika vibaya, kikawa kinaachia hewa kidogo kidogo kila kona, hadi siku ile kilipong'oka chote.

Nikaenda dukani kwa Bhai, mzee wa Kihindi anayeuza vipuri na rangi pale sokoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha ule utando kwenye ncha ya kisu. Akauangalia, akasema, "Marahaba, Mama Neema. Kama ni ile gundi, Baba Neema alichukua hapa na rangi ya kupuliza. Wakati ule ninyi mko msibani."

Sikumwambia mume wangu kitu. Nilisubiri kikao cha wazee, alichokiitisha yeye mwenyewe ili Isaya akemewe kwa ulevi. Walikuwapo wajomba zangu na baba zake wadogo kutoka Sepuka. Isaya aliletwa, akaketi na magongo yake. Baba Neema alipomaliza kuhutubia, nikaweka mezani kile kisu chenye utando wa gundi na kumwuliza swali moja tu. Wakati sisi tunazika, aliigonga boti wapi?

Alitazama mlango. Kisha akasema yote. Alikuwa amewachukua rafiki zake wa baa awaonyeshe mbio. Akaipandisha injini juu kidogo kwa kuwa alisikia ndiyo njia ya kuongeza kasi. Akagonga jiwe. Akairudisha injini mahali pake, akabandika, akapaka rangi.

"Kwa nini hukusema?" baba yake mdogo alimwuliza.

Akajibu kwa sauti ya mtoto, "Mngenicheka."

Ningemkuta na mwanamke, ningesema ni tamaa. Angeiba, ningesema ni shida. Lakini aliuza mguu wa mdogo wangu ili asichekwe! Na kweli tungecheka... tungecheka siku ile moja, jioni tukala ugali, kesho yake Isaya akatafuta pleti nyingine.

Isaya ndiye aliyemjibu. Alimwambia, "Shemeji, mimi nilikuwa nalala chini ya boti napapasa, na wewe umekaa kwenye kiti unajua." Akaomba asaidiwe kusimama.

Siku hiyohiyo nilifunga nguo za Baba Neema, nikazitoa nje. Baadaye alirudi na wazee wa kanisa, akapiga magoti kwenye vumbi, akasema amebadilika. Nilimwangalia. Hata pale chini, alikuwa akigeuka kuona kama majirani wanamtazama. Nikafunga mlango.

Isaya sasa anatengeneza injini za pampu na pikipiki nyumbani kwangu. Amesema hataki kwenda mahakamani. Hilo ni lake, nami namheshimu.

Wasomaji wenzangu, ombi langu ni fupi. Dada, ukiona mume wako anapenda zaidi kuonekana anajua kuliko kujua, usimkabidhi kitu chenye uhai ndani yake. Na wewe baba unayesoma hapa, ambaye umevunja kitu ukakibandika gundi, ukakaa kimya huku mwenzako akitukanwa... nenda kaseme leo. Watakucheka, ndiyo. Kicheko hakijawahi kumkata mtu mguu.