Bango la Wafiwa

Fabiola yupo hapa hapa Babati, na asubuhi yoyote ukipita barabara ya kwenda stendi utamkuta anafungua mlango wa ofisi yake ya kudizaini mabango. Kumwona utamwona. Kumpiga picha ndiyo kazi, na huko nitafika.

Hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa na mdomo mkali, na mteja aliyechelewa kuamua rangi alitolewa nje na mwavuli wake. Lakini kazi aliijua. Mikutano ya injili, mahafali, ligi za mpira, minada: kama kuna watu walitakiwa kukusanyika mahali, bango lilitoka kwake. Alifundishwa na mjomba wake, Melkiadi, aliyekuwa mpiga picha wa harusi na misiba. Mzee alipofariki alimwachia kompyuta, na diski moja nyeusi yenye picha za miaka kumi na miwili, na sharti moja.

"Picha ya harusi kata yeyote unayemtaka," alimwambia, akikohoa kikohozi chake cha sigara. "Picha ya msiba usimkate mtu. Usiguse chochote. Iache kama ilivyo."

Fabiola alimuuliza kwa nini. Mzee akasema hata yeye hakuambiwa.

Basi Jumanne moja akaja Venance, yule mwandaaji wa Tamasha la Mavuno linalofanyika uwanjani Singe. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Dada Fabi, mwaka jana nilipigia viti muziki. Viti vitupu! Safari hii nataka bango la kuleta watu."

"La mwaka jana lilitengenezwa na nani?"

"Si wewe mwenyewe!"

Hakuna tusi lililowahi kumwingia Fabiola kama hilo. Alichukua daftari akafunga ofisi, akaingia mjini kuuliza watu kwa nini hawakwenda. Sele, dereva wa bajaji, alicheka. "Sista, kwenye bango uliweka spika na nyama choma. Spika hata mimi ninayo. Mtu akiona watu ndipo anasimama." Sokoni Hanifa muuza samaki alimwambia vivyo hivyo, akaongeza lake: "Na uweke watu wa hapa tunaowajua. Hao Wazungu mnaowatoa kwenye mtandao wakacheka cheka, nani anawajua?"

Fabiola akaandika: *watu wengi, wa hapa, wanacheka*. Akarudi, akachomeka diski ya mjomba.

Picha za harusi hazikufaa. Watu wametawanyika, huyu anatafuna, yule kageuka. Alipekua hadi mchana ukaisha, akaipata moja tu yenye watu waliobanana vizuri, wote wakitazama upande mmoja. Yalikuwa mazishi ya Edward, kijana wa Singe aliyegongwa na lori miaka miwili iliyopita. Picha za misiba yetu mnazijua: jeneza mbele, ndugu nyuma yake, majirani nyuma ya ndugu, na mpiga picha juu ya kiti ili kila uso uonekane. Walikuwa kama watu mia na ishirini, nyuso za Singe na Nangara na mjini.

Alilikumbuka sharti. Akasonya. "Mjomba naye!"

Akalikata jeneza. Pale lilipokuwa akajaza nyasi, alizozinakili kutoka pembeni mwa picha hiyo hiyo. Akabadilisha nguo nyeusi zikawa za njano na kijani. Zikabaki nyuso, na nyuso zilikuwa zinalia. Akazikuza moja moja, akashika pembe za midomo, akazivuta juu. Mmoja baada ya mwingine wafiwa wakatabasamu. Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, alimkuta mama yake mzazi, Consolata, aliyekwenda kuzika pamoja na kwaya. Fabiola akacheka peke yake.

"Wa kwangu lazima awapite wote," akasema, akaivuta midomo ya mama yake karibu na masikio.

Chini akaandika kwa herufi kubwa: WATU WOTE TUPO. WEWE UPO WAPI? Akaisevu kazi, akaenda nyumbani kwao Nangara na furaha yake.

Jumatano Venance alichapisha mabango mia tatu, vijana wakayabandika kwa gundi ya unga mji mzima. Watu walisimama kweli. Ila Sele alimwambia Fabiola jambo moja alipomshusha nyumbani jioni.

"Bango kali. Ila hawa watu, mbona wanacheka huku wanatazama chini?"

Alhamisi asubuhi alimkuta mama yake jikoni, amesimama mbele ya sufuria ya uji, anatabasamu.

"Mama, unacheka nini?"

Mama akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alijaribu kunywa uji ukamwagikia kifuani, maana midomo haikufunga. Fabiola aliishika kwa vidole aishushe. Ilikuwa migumu. Ikarudi juu yenyewe.

Hospitalini daktari alisema ni mishipa ya uso, itatulia, akaandika vidonge. Mama hakuweza kuvimeza. Hata maji yalikataa. Fabiola alimlaza, akamwacha na jirani yao Edda, akakimbilia ofisini. Moyo wake ulishajua.

Mlangoni palikuwa na watu saba. Rosalia, fundi cherehani, alikuwa mbele. Wote walikuwa wanatabasamu hadi ufizi, na macho yao yalikuwa yanamchukia. Hakuna aliyemsalimu.

"Futa," Rosalia alinong'ona katikati ya meno.

Fabiola alifungua kompyuta. Alitafuta ile picha ya mazishi ili alirudishe jeneza mahali pake. Haikuwepo. Juzi, kwa furaha ile, alikuwa amesevu juu ya ile ya mjomba, kwa jina lile lile. Ndani ya diski palikuwa na wafiwa wa njano na kijani, na nyasi. Jeneza la Edward halikuwepo popote duniani.

Akampigia Venance simu. "Simamisha kubandika! Nakuomba!"

"Nisimamishe? Mji mzima wanaliongelea! Nimeongeza mia mbili."

Wale saba walikuwa bado dirishani. Kila baada ya muda midomo yao ilipanda kidogo, yote kwa pamoja. Fabiola akaelewa kwamba huko mjini bango jingine limebandikwa.

Ijumaa kabla watu hawajajaa aliufikia ukuta wa stendi. Akashika bango la kwanza pembeni, akavuta kwa nguvu. Likachanika vipande viwili. Simu ikaita. Alikuwa Edda.

"Fabi, rudi," Edda alisema kwa sauti ya chini. "Shavu la mama yako limechanika. Lenyewe. Nilikuwa namwangalia."

Fabiola alitazama kipande kilichobaki mkononi. Mchano ulipita mstari wa pili, juu ya uso wa tatu kutoka kushoto. Akakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Hakuligusa jingine. Alikwenda nyumbani, akafunga shavu la mama yake kwa kitambaa, akamwangalia mtu aliyemzaa akitabasamu kwa njaa na kiu siku ya pili. Alijua hatamaliza siku nyingine mbili. Akachukua bajaji kwenda Singe, kwa Marietha, mama yake Edward.

Alimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Naye alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo mama."

Marietha hakuitika. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo yako, ujue amekwisha kukuhukumu. Aliendelea kuchambua.

"Nisamehe, mama. Nitamrudisha."

"Utamrudisha na nini?"

Fabiola aliinama, akaokota maharage yaliyoanguka.

"Ile ndiyo picha pekee ya siku ile," Marietha alisema polepole, maneno yakipenya kwa shida. "Yangu ililoa mvua. Nikasema haidhuru, ipo kwa Melkiadi. Ukamtoa mwanangu, ukaweka majani. Ukanifanya nicheke."

"Mama yangu anakufa."

"Umewaita watu kesho. Watakuja." Akaitupa punje mbovu. "Watu wakija kusimama hivyo, pale mbele huwa pana mtu amelala."

Akainuka na maharage yake, akaingia ndani. Fabiola alisubiri, akachoka, akaondoka.

Jumamosi saa kumi jioni jua lilikuwa kali uwanjani Singe, na Venance alikuwa anameremeta jukwaani. Watu walikuja. Walikuja kwa bajaji, kwa bodaboda, kwa miguu. Waliovutiwa na bango walikaa kwenye viti. Wale wa kwenye bango hawakukaa. Walikwenda katikati ya uwanja wakaanza kujipanga.

Fabiola alizijua nafasi zao. Alikaa na nyuso zile mchana na jioni nzima. Ndugu mbele. Majirani nyuma. Rosalia mkono wa kulia. Marietha katikati. Kuna waliokufa tangu msiba ule. Nafasi zao ziliachwa wazi. Kwenye nafasi hizo nyasi zilikuwa zimelala, zimekanyagwa.

Kisha akamwona mama yake. Alimwacha kitandani, hawezi kuinua kichwa. Sasa alikuwa anavuka uwanja peku, na kitambaa shavuni chenye damu. Alipita karibu naye bila kumtazama. Akasimama mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto.

"Babatiii! Mpooo?" Venance alipiga kelele.

Hakuna aliyeitika. Muziki ukakata. Hakuna aliyeuzima.

Watu mia na zaidi walikuwa wanatabasamu, wanatazama chini, mahali pamoja. Mbele yao nafasi ilikuwa wazi. Ndefu. Nyembamba. Saizi ya mtu.

Waliokuwa kwenye viti wakaanza kuondoka. Wakaondoka haraka. Kuna mama aliyeacha viatu.

Fabiola alimtazama mama yake. Magoti ya mama yalikuwa yanakatika, lakini alisimama. Mdomo ukapanda tena. Kitambaa kikaloa.

"Nakuja," Fabiola alisema. "Nakuja, jamani."

Alitembea hadi mbele. Akapiga magoti. Akalala chali.

Nyasi zilikuwa za baridi, licha ya jua lile. Alinyoosha miguu. Akaweka mikono kifuani, maana ndivyo wanavyowekwa. Juu yake zilikuwa nyuso. Meno matupu. Marietha aliinama, akamtengenezea kola ya blauzi, kama anavyotengenezwa maiti.

Nyuma ya miguu yake akasikia kiti kikiwekwa chini. Mtu akapanda. Kiti kikalia kwa uzito. Mtu akakohoa, kikohozi cha sigara. Alikijua kikohozi kile. Hakuthubutu kuinua kichwa.

"Tazameni hapa," sauti ikasema.

Ikalia kamera. Mara moja.

Midomo ikashuka. Yote. Watu wakaanza kulia, kilio kile kile cha miaka miwili iliyopita, wakimlilia Edward kwa jina. Fabiola alilala pale, akiwasikiliza, hadi Consolata alipomwinua kwa mkono, na mdomo wake wa kawaida, akaomba maji.

Aligeuka kuangalia nyuma. Hapakuwa na kiti, wala mtu.

Mwisho mwema, utasema. Na mimi ningesema hivyo. Consolata alikula siku ile ile, shavu likapona, akarudi kwaya. Watu wa Singe hawamsalimu Fabiola mpaka leo, lakini hawajamfanya kitu. Mabango yote yalikuwa yamedondoka kufikia Jumapili, isipokuwa lile lililochanika pale stendi. Nusu iliyobaki ukutani ipo hata sasa, na wabandikaji hawabandiki juu yake, ingawa hakuna aliyewakataza. Waliomo humo hawatabasamu tena.

Kisha Fabiola akaenda kupiga picha za pasipoti. Mpiga picha alirudia mara nne, akazima taa, akamwomba aende kwingine. Kwenye kamera kulikuwa na pazia la bluu, na mbele ya pazia, pale alipokaa, nyasi. Simu zikatoa hivyo hivyo. Kingo za nyasi hizo zilikuwa zimenyooka sana, kama vile mtu amekata kwa rula.

Aliamua kuishi bila picha. Wengi wanaishi hivyo.

Krismasi iliyopita Edda aliwapiga picha ya pamoja sebuleni, kwa mazoea, akaisafisha, akaileta. Consolata aliishika kwa mikono miwili. Alikuwepo yeye, alikuwepo Edda pembeni, aliyeshika kamera mkono umenyooshwa, na katikati yao palikuwa na kipande kirefu cha nyasi. Mama aliitazama muda mrefu. Akapitisha kidole pale katikati, kikatoka na udongo kwenye ukucha.

"Edda," aliuliza, kwa upole kabisa. "Hapa katikati alikaa nani?"

Edda akamtazama Fabiola. Fabiola alikuwa amekaa kando ya mama yake, kwenye kochi hilo hilo, amemshika mkono.