Adui wa Shangazi Natalina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Goretti alifagia ua, akasubiri gari la maji lipite, kisha akapanda juu ya kiti na kuigeuza paneli ya sola iliyokuwa juu ya paa la jiko. Jua la Februari la Juba halina mchezo. Paneli ikielekezwa vizuri tangu mapema, kompyuta ya shangazi yake ilijaa umeme kabla ya adhuhuri.

Goretti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi mtaa wa Munuki na shangazi yake, Natalina, aliyekuwa mwalimu wa hesabu chuo kikuu. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya barabara ya Nimule, na mara nyingi alilala njiani, Nesitu, barabara ikiwa mbaya. Mama yake na wadogo zake walikimbilia Uganda baada ya mapigano ya Julai 2016. Goretti alibaki ili asipoteze mwaka wa masomo.

Ulikuwa mwaka 2017, na vita vilikuwa bado vinaendelea. Watu wa Munuki walikuwa wamezoea kuongea kwa sauti ya chini. Mgeni akionekana mtaani, swali la kwanza halikuwa jina lake, bali ametumwa na nani.

Jumanne moja, Goretti akiwa juu ya kile kiti, alimsikia shangazi yake akiongea kwa simu karibu na uzio wa matete, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Hakuongea Kiarabu cha Juba kama kawaida. Aliongea Kiswahili, tena kwa haraka.

"Sikiliza, Kenyi. Adui anaona kila tulichofanya jana. Akiijua na hatua yetu ya kesho, tumekwisha." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hatuwezi kumzuia asione. Tumfiche hatua ya kesho tu. Ndiyo, lazima iwe kabla ya Ijumaa jioni. Ijumaa ikipita, kazi yote imepotea."

Goretti alishuka kwenye kiti polepole, asitoe sauti. Kenyi ni nani? Adui gani? Na kuna nini Ijumaa? Shangazi alipogeuka na kumwona, alitabasamu kama mtu asiye na jambo, akamwambia awahi shule. Tabasamu lile halikumtuliza Goretti hata kidogo.

Siku ile hakusikia vizuri alichofundishwa. Aliporudi, alipita dukani kwa Ezbon kununua sabuni. Duka lile la mabati liligusana na uzio wao. Ezbon alikuwa mtu mkavu wa maneno, na tangu Julai hakumwamini mtu yeyote. Kiswahili alijifunzia kambini Uganda, na hakujali sana sarufi.

"Goretti," alisema, akiishikilia sabuni badala ya kumpa. "Shangazi yako iko anaandika nini kila siku?"

"Hesabu."

"Hesabu bila namba? Mimi iko napita, naona kompyuta. Herufi tu, na alama kama za wachawi." Akainama kwenye kaunta. "Na simu? Kwa nini anaongea Kiswahili? Anafikiri huku hakuna mtu wa kusikia?"

Goretti alichukua sabuni na kuondoka bila kuaga. Alikasirishwa na Ezbon, lakini kilichomkera zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa akijiuliza maswali yaleyale.

Kuanzia hapo alianza kumchunguza shangazi yake. Alihesabu amepiga simu mara ngapi. Aliangalia ndani ya mkoba wake alipokwenda kuoga, akakuta chaki, miwani na kitambaa. Alimtazama akila na kuwaza: je, mtu anayepanga mambo ya vita kwa siri hula ugali wake wa asida namna hii, bila wasiwasi?

Alhamisi mchana alileta chai ndani na kumkuta shangazi ameinamia kompyuta. Kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha habari, kulikuwa na majina mawili: Natalina, na Kenyi. Shangazi alibonyeza, na majina yakatoweka. Akaendelea kushuka kwenye kurasa nyingine, akitafuta jina lake kila lilipo na kulifuta.

"Shangazi, mbona unafuta jina lako?"

"Ndiyo sheria," alijibu Natalina bila kuinua macho. Alikuwa amechoka, na mtandao wa modemu ulikuwa umekatika tangu juzi. "Watakaosoma hawaruhusiwi kujua mimi ni nani wala niko wapi. Wakijua, wanaitupa. Weka chai hapo, mwanangu."

Goretti aliweka kikombe. Angeweza kuuliza: watakaosoma ni akina nani? Swali lilimfika mdomoni, akaogopa jibu, akatoka nje.

Ijumaa alipotoka shule alikuta watu uani. Mzee Lomoro, mkuu wa mtaa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo yake magotini. Ezbon alikuwa amesimama, na kompyuta ya Natalina ilikuwa kwapani mwake. Natalina alisimama mlangoni, mikono imekunjwa.

"Mzee, hiyo kompyuta naihitaji leo," alisema. "Kesho haitanisaidia kitu."

"Umesikia, mzee?" Ezbon alidakia. "Leo Ijumaa! Nilikwambia, kuna kitu ya Ijumaa. Tupeleke kwa wanajeshi pale kizuizini, kwa barabara, wao watajua kusoma."

Natalina alishtuka. Kila mtu pale alijua kwamba waliopelekwa kizuizini kwa maneno ya namna hiyo hawakurudi wote.

Mzee Lomoro aliinua mkono. "Tusiharakishe. Mtoto huyu anaishi ndani ya nyumba hii. Goretti, njoo. Ezbon anasema alimsikia shangazi yako akizungumza habari za adui. Na wewe ulisikia?"

Akisema hapana, atakuwa amedanganya mbele ya watu. Akisema ndiyo, huenda shangazi yake asilale nyumbani leo. Na ndani kabisa alikuwa na hofu nyingine: labda Ezbon alikuwa sahihi.

"Nilisikia," alisema.

Ezbon alipiga mkono kwenye paja. "Kalas! Imekwisha."

"Nilisikia pia akisema adui anaona kila kitu, na kwamba wamfiche hatua ya kesho," Goretti aliendelea. "Na jana nilimwona akifuta jina lake kwenye maandishi. Aliniambia wasomaji hawaruhusiwi kumjua."

Hakuthubutu kumtazama shangazi yake. Machozi yalianza kumtoka, lakini hakunyamaza.

"Hayo ndiyo niliyoyasikia na kuyaona. Lakini mzee, sijui adui huyo ni nani. Sikumuuliza. Wiki nzima nimekuwa nikimchunguza kama mwizi, na sikumuuliza. Hata Ezbon hakumuuliza."

Mzee Lomoro alimgeukia Natalina. "Ustaza, mwalimu wetu, mtoto amesema kweli. Hatujakuuliza. Adui wako ni nani?"

Natalina alishusha pumzi. "Hana jina, mzee. Hana hata mwili. Ni adui wa kwenye hesabu." Akaona Ezbon anakunja uso. "Nipe kokoto moja nikuonyeshe. Ezbon, weka kompyuta kwa mzee uje hapa."

Ezbon alisita, kisha akampa mzee kompyuta. Natalina alificha kokoto nyuma ya mgongo, akatoa ngumi mbili. "Iko mkono gani?"

"Kulia." Ilikuwa kushoto. Alipojaribu tena akasema kushoto, na ilikuwa kulia. Ezbon alikuwa mfanyabiashara, na macho yake yalikuwa makali. Aliona kwamba Natalina anabadilisha mkono kila mara. Tangu hapo hakukosa tena. Kila Natalina alipotoa ngumi, Ezbon aliigusa yenye kokoto, mpaka mzee akaanza kucheka.

"Basi wewe ndiwe adui," alisema Natalina. "Umeona nilichofanya jana, umejua nitakachofanya kesho. Goretti, niletee kizibo cha soda na kikombe."

Goretti alikimbia kuvileta. Sasa kila mara kabla ya kuficha kokoto, Natalina alitikisa kizibo ndani ya kikombe na kukichungulia peke yake. Kikilala chali, kokoto ilienda kulia. Kikilala kifudifudi, ilienda kushoto. Ezbon alipata, akakosa, akakosa tena, akapata. Alikaza macho, akajaribu kumsoma uso, lakini hakupata tena ule ushindi wa mwanzo.

"Siku hizi kuna kompyuta zinazojifunza zenyewe kwa kuona mifano mingi," Natalina alieleza. "Zinakisia, zinakosea, zinajirekebisha. Lakini mtu anaweza kuisoma tabia ya kompyuta hiyo na kuihadaa, kama Ezbon alivyonisoma mimi. Sisi watu wa hesabu tunamwita adui. Mimi na Kenyi, mwenzangu niliyesoma naye Kampala, tumethibitisha kwamba kompyuta ikichagua kwa kubahatisha, kwa utaratibu maalumu, hasara yake haiwezi kupita kiasi fulani, hata adui awe mjanja namna gani. Wataalamu wa dunia wanakutana mwaka huu kujadili mambo haya. Mwisho wa kupokea maandishi ni leo jioni."

"Na jina?" Ezbon hakukubali kushindwa. "Mtu msafi anaficha jina kwa nini?"

Natalina alifungua mdomo kujibu, lakini Goretti alitangulia. "Ni kama mtihani wa mwisho wa shule! Hatuandiki jina, tunaandika namba ya mtahiniwa. Ili anayesahihisha asimpendelee ndugu yake. Shangazi, si ndiyo?"

"Ndiyo hivyo hasa," alisema Natalina. "Wasijue kama mwandishi ni mwanamke au mwanamume, wa chuo kikubwa au wa Juba. Wasome hesabu peke yake."

Mzee Lomoro alitikisa kichwa polepole, akamrudishia kompyuta. "Mimi nimeelewa nusu, lakini nusu hiyo inanitosha. Ezbon?"

"Mimi nitaamini nikiona inatumwa," alisema Ezbon.

"Basi twende wote," Natalina akajibu. "Munuki hakuna mtandao."

Mzee Lomoro alibaki, wao wakachukua bodaboda mbili hadi soko la Konyo Konyo, Goretti akiwa katikati ya shangazi yake na dereva. Karibu na soko kulikuwa na duka la kupiga chapa lenye dishi la intaneti. Ezbon alisimama nyuma ya kiti cha Natalina, akitazama kila alichobonyeza. Ghafla alinyoosha kidole.

"Hapo! Wanauliza jina, na yeye anaandika! Si alisema hakuna jina?"

Watu dukani waligeuka. Natalina hakukasirika. "Hii wanaiona wasimamizi tu, kama mwalimu mkuu anavyojua namba fulani ni ya nani. Wasahihishaji hawaioni. Fungua hii nyingine uone mwenyewe." Ezbon alitazama maandishi yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Majina hayakuwamo.

Kutuma kulianza vizuri, kisha jenereta ya duka ikazimika. Natalina alifunika uso kwa mikono. Mwenye duka alikimbia na dumu la mafuta, na jenereta ilipowaka walianza upya. Jua lilikuwa linashuka. Hatimaye ujumbe ukaingia: maandishi yamepokelewa. Natalina aliusoma mara mbili, akacheka kwa sauti, akamkumbatia Goretti. Ezbon alitoka nje.

Walipokuwa wakirudi kuelekea bodaboda, Goretti alisema, "Shangazi, nisamehe. Nilipekua hata mkoba wako."

"Nimekusamehe. Na mimi nina kosa langu. Katika mji huu, mwaka huu, ninapiga kelele za adui uani! Na uliponiuliza, nikakujibu nusu. Siku nyingine ukiniuliza nikajibu nusu, niulize tena."

Majibu yalikuja mwezi wa tano. Msahihishaji mmoja alikuwa amepata pengo katika uthibitisho wao, akawataka walizibe. Wengine wawili walisifu. Kazi ilikubaliwa. Natalina hakuweza kusafiri, kwa hiyo Kenyi ndiye angekwenda kuisoma mbele ya wataalamu. Habari zilipofika mtaani, wachache walielewa, lakini wengi walikuja kumpa mkono.

Ezbon alikuja wa mwisho. Wiki zote zile alikuwa akiwauzia vitu huku ameinamisha macho. Siku hiyo aliingia uani akiwa amebeba soda, akaketi.

"Malesh, Ustaza," alisema. "Nisamehe." Kisha akamgeukia Goretti. "Mimi nilikuwa na mdogo wangu. Lokosang. Julai ile, mtu alisikia Lokosang anasema kwa simu, 'vitu vimefika, njoo chukua.' Akaenda kusema kwa askari kwamba ni bunduki. Walimchukua. Vilikuwa viatu, Goretti. Viatu vya kuuza sokoni. Hakuna mtu aliyemuuliza vitu gani."

Natalina aliweka mkono wake juu ya bega la Ezbon.

"Tangu siku ile nikasema, sitamwamini mtu tena," Ezbon aliendelea. "Nilifikiri hiyo ni akili. Kumbe nilikuwa nafanya kazi ya yule mtu aliyemuuza ndugu yangu. Wewe mtoto ulisema kweli yote, na ile ya kwamba hujui ukaisema pia. Mimi nilisema ile ya kusikia tu, ya kutojua nikaificha. Ukiwa mkubwa, usifanye kama mimi. Ukisikia neno la kutisha, nenda kwa mwenye neno, muulize. Ndiyo, utaogopa. Uliza tu."

Alijifuta macho kwa kiganja, akafungua soda ya kwanza na kumpa Goretti.

"Sasa, Ustaza," alisema, "hiyo mambo ya kikombe na kizibo. Nieleze tena, lakini polepole."